Saa ya Jua Ivishwe Leso

Kuna kauli moja isiyo na maana katika Kiswahili ambayo hata hivyo hubandikwa muhula baada ya muhula kwenye mbao za matangazo za vyuo vyetu: kwamba mkutano utaanza "saa 8.00 asubuhi". Mswahili haijui asubuhi ya saa nane. Saa nane watu wamekwisha kula chakula cha mchana na wengine wamejinyoosha. Mwandishi wa tangazo hilo ametafsiri kila neno isipokuwa lile lililokuwa na haja kubwa zaidi ya kutafsiriwa. Nasi tunaolisoma hupiga hesabu kimyakimya, tukapunguza sita, tukaenda zetu kana kwamba hapakutokea jambo.

Mimi naona jambo limetokea. Tunazidi kuichukulia saa ya Kiswahili kuwa saa ya Kiingereza iliyosomwa vibaya. Ndiyo maana nadiriki kutoa pendekezo ambalo yamkini litawachekesha baadhi ya wasomaji wa jarida hili: ijengwe saa ya jua, kubwa, mahali pa hadhara, Mombasa kwanza na vyuoni baadaye, na sura yake iwe leso.

Tuanze na jua. Saa moja ya asubuhi ina maana kuwa jua limekwisha tembea saa moja tangu lichomoze. Saa sita ni pale linapokuwa limekamilisha nusu ya safari. Hesabu hii haingeweza kuwafaa watu wa London, ambako mchana hupita saa 16 mwezi wa Juni na haufiki saa 8 mwezi wa Desemba. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Mchana wake mrefu kabisa na ule mfupi kabisa hutofautiana kwa muda usiofika nusu saa. Hapa jua ni mwajiriwa mwaminifu. Huja na kuondoka kwa wakati ule ule. Waliozitaja saa zetu kwa majina haya walikuwa wanasayansi wa macho. Ni hesabu hiyo hiyo iliyotumiwa katika nchi za Biblia, na ndiyo sababu msomaji wa Injili ya Kiswahili, akiambiwa kuwa giza liliingia saa sita hadi saa tisa, hahitaji maelezo ya pembeni.

Sasa tazama saa ya jua ingekuwaje kwetu. Katika nchi za kaskazini kijiti chake huinuliwa juu sana, na mistari ya saa hutawanyika kama mbavu za kipepeo cha mkono. Kijiti hicho sharti kilale sambamba na mhimili wa dunia. Mombasa, basi, ni chuma kinachokaribia kulala, kimeelekezwa kaskazini na kusini, upande wa kusini ukiinuliwa nyuzi 4 tu. Chuma kikiwa juu ya sakafu kwa mita 1, nayo sakafu ikiinamishwa kidogo vivyo hivyo, mistari ya saa haitawanyiki tena. Inakuwa sambamba, kama mishono ya vitambaa vilivyoungwa ubavu kwa ubavu. Mshono wa saa sita huwa katikati, chini ya chuma. Ule wa saa saba huwa sentimita 27 mashariki yake, wa saa nane sentimita 58, wa saa tisa mita 1 kamili, wa saa kumi mita 1.73, na wa saa kumi na moja mita 3.73. Upande wa magharibi ni vipimo vivyo hivyo kwa saa za asubuhi, kutoka saa tano kurudi hadi saa moja. Ama saa kumi na mbili, hiyo haina mshono. Kivuli chake hukimbilia mbali kiasi kwamba hakuna sakafu ya kukipokea.

Msomaji anayezijua leso amekwisha kuona ninakoelekea. Saa sita za asubuhi na saa sita za jioni ni vipande viwili vinavyofanana, yaani doti. Inasimuliwa, tena, kuwa leso yenyewe ilizaliwa kwa sindano: kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mkono zilizouzwa zikiwa zimeungana katika jora, wakazikata sita sita, wakazishona tatu juu na tatu chini wakapata vazi. Neno lenyewe ni la Kireno, vazi ni letu. Viwanda vilipoanza kuchapa kitambaa kizima mshono ulitoweka, lakini mpangilio ukabaki: pindo kando, mji katikati, na jina chini ya mji.

Jina hilo ndilo lililonivutia kuliko yote. Watengenezaji wa saa za jua huko Ulaya walikuwa na desturi ya kuchonga juu ya saa zao nyingi usemi mfupi kuhusu wakati, mauti au bidii. Huku kwetu leso isiyo na jina ni kitambaa tu. Sanaa mbili ambazo hazikupata kukutana zilifikia uamuzi mmoja, kwamba chombo kinachoonekana na watu wote kila siku hakina budi kusema neno. Waandishi wa majina ya leso, ambao fasihi yetu huwasahau kila inapoorodhesha watunzi, wangekuwa na ukurasa wa mita kadhaa. Mimi ningependekeza: "Nikipita sirudi, shona kungali mchana." Bila shaka wako wenye kunizidi.

Atatokea mpinzani aseme kuwa kushona viraka si turathi ya kujivunia. Kiraka katika riwaya zetu ni alama ya ukata. Ni kweli kuwa ndivyo tulivyozoeshwa. Lakini wako ndugu zetu wa mbali wasiokubaliana nasi. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao baadhi ya wahenga wao walitoka pwani ya Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu. Huanza pembezoni, wakazunguka na sindano polepole hadi katikati, na katika kila pembe huweka vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Bila maua hayo, wenyewe husema mfarishi u uchi. Viraka hivyo vimefika katika kumbi za maonyesho za Marekani. Huko huko Marekani, katika wilaya ya Adams, jimbo la Ohio, mwanamke aitwaye Donna Sue Groves alianzisha mwaka 2001 mradi wa kuchora ruwaza za mifarishi juu ya kuta za maghala ya wakulima, kwa heshima ya mama yake aliyekuwa mshonaji. Mtindo ulienea majimbo mengi. Ruwaza iliyokuwa ya kitandani ikawa ya barabarani.

Na kwamba saa ya jua yaweza kubeba kumbukumbu za watu, hilo limekwisha thibitishwa. Huko Frankfort, jimbo la Kentucky, iko saa kubwa ya jua iliyozinduliwa mwaka 1988 kuwakumbuka askari wa jimbo hilo waliofia vita vya Vietnam. Mbunifu wake, Helm Roberts, aliyapanga majina sakafuni hivi kwamba ncha ya kivuli hugusa jina la kila mmoja katika siku aliyofariki.

Sisi tuna kumbukumbu yetu ya kuandika kwa kivuli. Tukitia kifundo katikati ya kile chuma, kivuli cha kifundo saa sita mchana hakitakaa mahali pamoja mwaka mzima. Juni jua huwa kaskazini yetu, na kivuli huanguka upande wa kusini, zaidi ya nusu mita. Desemba huvuka na kuanguka kaskazini. Wavuvi wataelewa kabla ya wahandisi: wakati wa kusi kivuli huwa kusini, wakati wa kaskazi huwa kaskazini. Kivuli huangukia upande ule ule pepo zinakotoka. Saa ya namna hii ya London haingekuwa na habari hii, kwa maana huko kivuli cha adhuhuri hakivuki kamwe.

Pingamizi kubwa litakuwa kwamba saa hiyo "itakosea". Wakati rasmi wa Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo 45, ulio mashariki ya nchi yetu yote. Kwa wastani jua hufika utosini Mombasa dakika 21 baada ya saa ya mkononi kusema saa sita, Nairobi dakika 33, Kisumu dakika 41. Na kuna tofauti nyingine ya robo saa hivi, mbele au nyuma, kulingana na mwezi. Wanaofuata ratiba za sala wanalijua jambo hili, kwani adhuhuri ya Mombasa si ya Kisumu. Ibandikwe jedwali dogo la marekebisho kando ya saa, na mtoto wa darasa la sita atalisoma. Haya ni maarifa ya kweli yaliyo bure. Pale Nanyuki, mgeni hulipa aonyeshwe maji yakizunguka ndani ya karai eti kwa nguvu ya Ikweta, jambo ambalo fizikia inalikana, na hakuna anayelalamika.

Ninaloliogopa mimi ni jingine: kwamba kazi itapewa mkandarasi, naye achore leso kama pambo juu ya saa iliyokwisha kamilika, yenye tarakimu za Kiingereza. Hapo tutakuwa tumepata tangazo la "saa 8.00 asubuhi" lililoandikwa kwa zege. Mshono sharti uwe ndio mstari wa saa, pindo liwe ndilo mpaka wa mchana, na wabunifu wa leso wa Mombasa na mafundi cherehani waketi mezani kuanzia mchoro wa kwanza, si siku ya kukata utepe.

Kabla ya zege, chaki inatosha. Tarehe 21 Machi na 23 Septemba, au siku iliyo karibu na hizo, ncha ya kivuli hutembea katika mstari ulionyooka kutoka magharibi hadi mashariki. Chama chetu chaweza kusimamisha fimbo ya mita 1 uani, kikatia alama kila saa kuanzia saa moja, na jioni kikaalika mshonaji aje atazame alama hizo zilivyojipanga.