Motokaa Nzuri Haijiuzi Yenyewe

Katika mdahalo wa muhula huu wenzangu wengi walisimama upande wa methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa upande wa pili, nasi tulishindwa kwa kura nyingi. Lakini kura si ushahidi, na kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi, nataka kuwaonyesha wasomaji bidhaa iliyo nzuri kupita kiasi, ambayo hata hivyo hununuliwa au huachwa kwa sababu ya mtu asimamaye dukani. Nasema juu ya motokaa za mbio za matajiri, kama Ferrari na Porsche. Sijapata kuketi ndani ya hata moja. Gari nilijualo mimi ni lori la shule.

Mtu anunuaye motokaa ya namna hii hana shida ya usafiri. Nyumbani anazo nyingine. Ameifuata furaha, na furaha yaweza kuharibiwa kwa neno moja.

Tazameni habari za Ferruccio Lamborghini wa Italia, aliyetajirika kwa kutengeneza matrekta. Alinunua Ferrari, na klachi yake ikamsumbua. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipokwenda kulalamika kwa Enzo Ferrari alijibiwa kwa dharau kwamba mtu wa matrekta hajui kuendesha Ferrari. Wako wasemao kwamba kisa hiki kilitiwa chumvi, na huenda ni kweli. Lililo dhahiri ni kwamba mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya motokaa huko Sant'Agata Bolognese, si mbali na Maranello kwa Ferrari, na mwaka 1964 motokaa zake za kwanza, 350 GT, zikaanza kuuzwa. Kampuni hiyo imepita mikononi mwa wengi tangu hapo, lakini mwaka 2023 ilitoa kwa wanunuzi magari 10,112, na Ferrari 13,663. Pigeni hesabu wenyewe gharama ya jibu lile.

Najua nitaulizwa: mbona Ferrari huwachagua wanunuzi wake na kuwangojesha, na bado watu humiminika? Kweli kabisa. Lakini kungojeshwa kwa heshima si kutukanwa. Kungoja huongeza hamu, kama tungojavyo pilau ya Idi.

Upande wa wema yuko Max Hoffman, mzaliwa wa Vienna aliyeuza motokaa za Ulaya mjini New York. Duka lake la Park Avenue lilichorwa na msanifu majengo mashuhuri, Frank Lloyd Wright, likawa na jukwaa la duara lizungukalo ili mnunuzi aione motokaa pande zote. Lakini sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa masikio. Aliwasikiliza wateja, kisha akawaambia watengenezaji yale aliyoyasikia. Alipoona kwamba Wamarekani wanataka Porsche isiyo na madoido na ya bei nafuu, aliishauri kampuni, ikatoka Speedster ya mwaka 1954 kwa bei iliyo chini ya dola 3,000. Mwaka huo huo Mercedes-Benz 300 SL ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York, wala si Ujerumani, kwa kuwa Hoffman ndiye aliyeililia.

Siku hizi huko huko Marekani sheria za majimbo mengi humzuia mtengenezaji mwenye mawakala kumwuzia mnunuzi moja kwa moja. Bei itangazwayo na kiwanda ni pendekezo tu. Wakala aweza kupandisha apendavyo. Ilipotoka Chevrolet Corvette mpya yenye injini katikati, ya mwaka 2020, mawakala wengine waliongeza maelfu ya dola juu ya bei ile, bila kuongeza hata skrubu moja kwenye gari. Faida ilikwenda kwa wakala. Lawama ikaliendea jina lililoandikwa juu ya gari. Wengine walishika bei ya kiwanda. Basi wako wanunuzi wanaoliacha duka lililo mtaani kwao, wakapanda ndege mpaka jimbo jingine, wakarudi nyumbani wakiendesha motokaa ile ile.