Mchwa Asiye na Jina



Wapendwa waamini, Jumamosi iliyopita, baada ya kazi za usafi hapa Ibadakuli, kijana mmoja alinijia akiwa na jembe begani na chupa ya dawa ya kuulia wadudu mkononi. Aliomba ruhusa ya kubomoa vichuguu vitatu vidogo vilivyoota kando ya uwanja, chini ya mgunga. Nilimwuliza mchwa hao wamekula nini. Alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Padre, hawajala kitu. Lakini mchwa ni mchwa."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika tafakari ya juma hili. Kwa maana si kweli kwamba mchwa ni mchwa.

Tulivunja kipande cha kichuguu kimoja. Hatukukuta yale mabonge laini kama sifongo ambayo mchwa wa vichuguu vikubwa hukuzia ukungu wao wa chakula. Hatukukuta nyasi zilizokatwa wala vijiti. Tulikuta vyumba vidogo vya udongo mgumu, na ndani yake wadudu weupe ambao matumbo yao yalionekana meusi kwa udongo waliokuwa wameumeza. Kwa dalili zote, hao ni mchwa walao udongo.

Mchwa wa namna hiyo hawali boriti ya nyumba wala bua la mhindi. Chakula chao ni mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyokwisha kuoza na kuchanganyika na ardhi. Kazi ya kukipata chakula hicho ni ngumu. Katika mchwa wa jenasi ya Cubitermes, waliochunguzwa sana na wataalamu, sehemu moja ya utumbo ina ukali kama wa magadi, unaofikia kipimo cha pH 12. Wakisha kuusaga udongo, huurudisha ukiwa na rutuba ambayo mizizi yaweza kuitumia, na vijia vyao hupitisha hewa na maji ya mvua. Kwetu Shinyanga, ambako mvua ni ya kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Je, nani anawajua? Ulimwenguni mchwa waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takriban spishi 3,000, na wanaodhuru mazao na majengo ni sehemu ndogo tu. Katika miaka ya 1905 na 1906 mtaalamu kutoka Sweden, Yngve Sjöstedt, alikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru, na mmoja wa mchwa aliowaeleza huitwa leo Alyscotermes kilimandjaricus. Huyu ni wa kundi la mchwa wasio na askari. Hapo ndipo ilipo taabu, kwa sababu kwa kawaida wataalamu huwatambua mchwa kwa kichwa na meno ya askari. Ilimlazimu Mwingereza W. A. Sands, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya mchwa wa Afrika wasio na askari, kupasua matumbo ya vibarua chini ya hadubini na kuwatofautisha kwa maumbile ya utumbo.

Basi, kumtangaza kiumbe mpya si kupiga kelele kwamba umemwona wa kwanza. Ni kumlinganisha na wote waliokwisha kuelezwa, kumpima, kumchora, kuteua sampuli moja iwe shahidi wa jina lake siku zote, kuihifadhi katika makumbusho, na kuchapisha maelezo ili wengine wayahakiki. Kazi hiyo yataka unyenyekevu na uvumilivu.

Sasa tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1923 E. E. Austen wa makumbusho ya London alimpa mbung'o wa nchi hii jina la Glossina swynnertoni, kwa heshima ya C. F. M. Swynnerton, aliyekuja kuongoza utafiti wa mbung'o hapa Shinyanga. Katika vita dhidi ya mdudu huyo, wananchi waliitwa kupitia watemi wao kufyeka mapori. Siwalaumu. Nagana ilikuwa ikimaliza ng'ombe, na malale yalikuwa yakiua watu. Lakini nani aliandika ni mchwa gani walioishi chini ya miti ile? Utafiti uliofanyika Kamerun katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba miti ikiondolewa, mchwa walao udongo huathirika kuliko wenzao. Yawezekana kabisa kwamba katika mbuga zetu wapo waliotoweka kabla ya kupata jina.

Maoni yangu ndiyo haya: tumekuwa wepesi kumpa jina anayetuuma, na wazito kumjua anayetulisha. Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu hakuwapa majina wanyama wa hatari peke yao. Na katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 33 na 34, Papa Fransisko alisikitikia spishi zinazopotea bila sisi kuzifahamu kamwe, akawakumbuka hata wadudu.

Najua yupo atakayesema: "Padre, watu wana shida ya maji na ada za shule, nawe watuhubiria mchwa?" Namjibu kwamba mkulima anayetoa fedha yake kununua sumu ya kumwua mdudu ambaye hajala kitu, amepoteza mara mbili: amepoteza fedha, na amempoteza kibarua wa shamba asiyedai mshahara.

Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kudumu hadi 2004, ulitufundisha kuzirudishia heshima ngitili za wazee wetu. Miti imerudi, na majani ya mifugo yamerudi. Tuzilinde ngitili hizo, kwa kuwa tunalinda pia viumbe tusiowajua. Na ninyi vijana mnaosoma sayansi, msidhani kazi ya kutaja majina ilikwisha na wageni wa zamani. Udongo wa Shinyanga bado unawangoja.

Kijana yule alirudisha chupa yake stoo, na vichuguu vitatu vingali pale chini ya mgunga. Siwezi kuwaambia jina la wakazi wake. Ninachowaomba ni kwamba, kabla hamjamimina dawa, mwulize kwanza swali lile: amekula nini?