Vita vya Spidi Vinaishia kwa Ruta: Venye Ripita Mbaya Ilifanya Mathe Akose Pampu

Wasee, hii miaka tumekuwa tukishangilia vita vya intaneti kama debi ya Gor na Ingwe. Starlink waliingia Kenya Julai 2023. Septemba 2024 Safaricom nao wakapandisha spidi za faiba ya nyumbani bila kuguza bei: mwenye alikuwa analipa 2,999 akatoka Mbps 10 hadi 15, wa 6,299 akaruka kutoka 40 hadi 80. Novemba huo huo mwaka Starlink wakasimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani juu mtandao ulikuwa umejaa. Kila mtu alikuwa na maoni. Hata keateka wetu, mwenye anatumia bando ya mbao, alikuwa na upande.

Poa. Lakini hizo Mbps zote zinakufikisha hadi kwa ruta, pale nyuma ya TV. Kutoka hapo ni wewe na kuta zako. Na kama umeanza kuweka balbu janja, soketi za kuwasha na simu na sensa za mlango, shida yako huenda hata si spidi. Ni mtandao mwingine kabisa, na wauzaji wengi wa tao hawajui uko.

Mimi nilijua kwa uchungu. Mathe anaishi Kitengela peke yake, nyumba ya mawe, geti iko kama mita 25 kutoka sebuleni. Mimi ndio "fundi wa kompyuta" wa familia, cheo nilipewa licha ya kuacha chuo mwaka wa pili. Nikamwekea habu ya Zigbee sebuleni, sensa moja kwa mlango wa jikoni, moja kwa stoo na moja kwa geti. Mtu akifungua geti usiku, simu yake inalia na yangu pia. Wiki mbili za kwanza tulikuwa tunajiona wakubwa.

Kisha ya geti ikaanza kukatakata. Nikaenda duka fulani Luthuli, nikaeleza jamaa kwamba signo haifiki geti. Akanipea ekstenda ya waifai yenye antena nne, thao tatu na mia mbili. "Hii itafika hadi kwa jirani." Nikaamini antena. Nikaichomeka korido, nikapima na simu hapo geti, waifai ilikuwa imejaa. Nikarudi Nairobi nikiwa nimetulia.

Siku tisa baadaye watu waliingia usiku wakang'oa pampu ya maji. Sensa ya geti ilihisi geti ikifunguka, juu hiyo ndio kazi yake. Ujumbe ndio haukutoka. Mathe aliamka asubuhi, akafungua mfereji, kukawa kukavu. Akanipigia, hakunikaripia hata. Alisema tu, "Kijana wangu, hiyo simu yako haikulia?" Heri angenitukana.

Sasa hapa ndio pa kushika vizuri. Sensa ndogo za betri kama zile hazitumii waifai. Zinatumia Zigbee, redio tofauti yenye spidi ya kilobiti 250 kwa sekunde, kidogo sana kwa video lakini kitu kikubwa kwa kusema "geti imefunguka". Zigbee ni mtandao wa meshi, yaani vifaa vinapokezana ujumbe kama watu wanapitisha ndoo ya maji kwa foleni. Lakini si kila kifaa kinapokea ndoo. Chenye kinatumia betri hulala karibu muda wote ili betri idumu, kwa hivyo hakiwezi kupokea mzigo wa mwenzake. Kifaa cha kupokezana ni kile kimechomekwa kwa stima masaa yote. Nyumba ya mathe ilikuwa na sensa tatu za betri na habu moja. Hapo hakuna meshi, ni watu watatu wanapigia kelele mtu mmoja kupitia kuta za mawe.

Ile ekstenda ya antena nne haikusaidia hata kidogo, juu haiongei Zigbee. Kuna uwezekano iliharibu zaidi. Waifai na Zigbee zote ziko 2.4 GHz. Chaneli za Zigbee zinaanza 11 hadi 26, na waifai ya chaneli 1, 6 na 11 inafunika nyingi kati ya hizo. Zenye zinabaki na nafasi ya kupumua ni 15, 20, 25 na 26, na ya 26 vifaa vingine haviipendi. Ukiongeza ekstenda inayopiga mayowe kwa korido, katikati ya habu na geti, unaongeza kelele kwa chumba chenye watu tayari hawasikizani. Fikiria sasa wewe wa ploti za Pipeline au Roysambu, ambako simu yako ikitafuta waifai inaleta majina thelathini.

Kwa hivyo ripita gani? Chaguo langu la kwanza ni soketi janja ya Zigbee, ya pini tatu, ya kuchomeka tu. Inafanya kazi mbili: inawasha kitu na inapokezana ujumbe. Lakini hakikisha kwa boksi imeandikwa Zigbee, juu kuna soketi zinafanana nayo kabisa na ni za waifai, na hizo hazipokezani chochote. Zinaongea na ruta moja kwa moja basi.

Balbu ni mtego. Za Philips Hue zinapokezana vizuri, za Sengled za Zigbee zilitengenezwa makusudi zisipokezane. Na hata ile nzuri, mtu akizima swichi ya ukutani, ripita imekufa. Kwa nyumba ya Mkenya wa kawaida swichi itazimwa. Swichi janja za ukutani nazo zinategemea nyaya. Nyumba zetu nyingi zina waya wa moto tu kwa kisanduku cha swichi, nyutro haikushushwa. Swichi zisizohitaji nyutro mara nyingi hazipokezani. Sonoff ZBMINI-L ni mfano mzuri: inafanya kazi bila nyutro, lakini kwa mtandao inahesabika kama sensa ya betri tu. Ndugu yake ZBMINI ya kawaida, yenye inataka nyutro, inapokezana. Majina yanatofautiana kwa herufi moja. Muuzaji hatakuambia.

Na kuna ile ya binamu wa Marekani kukutumia vitu kwa sanduku. Shukuru, lakini soma nyuma kwanza. Stima yao ni volti 120, yetu ni 240, kifaa kisichoandikwa kinabeba zote mbili kitatoa moshi. Kama ni Z-Wave, ya kwao inatumia 908 MHz na ya Ulaya 868, kwa hivyo ukichanganya haziongei hata ukizifunga kamba.

Mahali pa kuweka ni suala lingine lenye watu wanakosea, mimi nikiwa wa kwanza. Ripita haiwekwi pale signo imekufa, juu nayo haitasikia chochote. Inakaa katikati, pale signo bado iko na nguvu. Kwa mathe niliweka moja jikoni, ukuta mmoja kutoka kwa habu, na nyingine gereji, dirisha likiangalia geti. Chomeka ripita kwanza, kisha ndio uunganishe sensa upya ikiwa mahali pake pa kazi. Sensa zingine, hasa za Aqara, hung'ang'ania mzazi wa kwanza hata kama kuna mwingine karibu, na saa zingine hugombana na ripita za kampuni zingine. Ukiona inapotea kila siku mbili, hiyo ndio sababu ya kwanza ya kuangalia. Na kama habu yako ni ile ya USB kwa kompyuta, itoe mbali na waya ya nusu mita, USB 3.0 inatoa kelele kwa 2.4 GHz.

Nilidhani nimemaliza. Jumamosi iliyofuata geti ikapotea tena, saa tatu usiku kamili. Jumapili pia, saa ile ile. Ikanichukua hadi wiki ya pili kugundua virusi ni mathe mwenyewe. Soketi zetu za Kenya ziko na swichi pembeni, na yeye amelelewa kuzima kila soketi kabla ya kulala.

"Mum, hiyo usizime."

"Na tokeni utaninunulia wewe?"

Tukakaa chini tukapiga hesabu. Ripita inakula wati moja hivi au chini. Wati moja, masaa 24, siku 30: haifiki hata uniti moja kwa mwezi. Alinitazama kama mtu wa kampeni, lakini alikubali. Sasa kuna selotepu juu ya hizo swichi mbili.

Kuna swali moja hizo kampuni za spidi hazigusi, na nadhani kwa usalama ndio kubwa kuliko yote: stima ikipotea? Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala giza, na Kitengela haingoji nchi nzima. Sensa inabaki hai na betri yake, ripita zote zinakufa pamoja, na giza ndio wakati unataka kujua nani yuko kwa geti. Watu wengi tayari wana ile UPS ndogo ya ruta. Basi habu iingie hapo, na ripita moja ya njia ya geti iwe ya USB: ile ndogo ya IKEA Tradfri, au donguli ya Sonoff iliyowekewa programu ya kupokezana, ikae kwa UPS yake ndogo. Soketi za ukutani zibaki msaada wa siku za kawaida.

Kwa waifai yenyewe sina mengi. Ekstenda yenye redio moja inakata spidi karibu nusu kwa sababu inapokea na kutuma kwa njia ile ile. Ukiweza kupitisha waya hadi chumba cha nyuma na kuweka kituo kingine huko, fanya hivyo. Ile ya antena nne niliirudisha duka, wakanipea thao mbili.

Pampu mpya imefungwa ndani ya kizimba cha chuma. Jana saa tano usiku simu ikalia: geti imefunguka. Nikapiga haraka. Mathe akashika akicheka, alikuwa ametoka kujaribu.