Ukaguzi wa Walezi wa Nyumbani Uingereza: Amana Hailindwi kwa Usiku Mmoja

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tumekuwa tukipokea maswali kutoka kwa dada zetu wanaoishi Uingereza, wengi wao wenye asili ya Unguja, Pemba na mwambao, ambao kazi yao ni kulea watoto wa wenzao majumbani mwao kwa ujira. Maswali yanafanana. Simu imepigwa, mkaguzi wa serikali anakuja wiki hii, nifanye nini? Wengine wanakwenda mbali zaidi. Je, naweza kujaza leo daftari la mahudhurio la miezi iliyopita? Je, mtoto aliyezidi idadi nimpeleke kwa jirani siku hiyo? Je, msahafu na maandishi ya ukutani niyaondoe? Na mkaguzi akiwa mwanamume, nimkaribishe vipi?

Tumeona tuyajibu maswali haya kwa pamoja, kwa kuwa yamegusa riziki ya watu, usalama wa watoto na dini ya mwenye kuuliza.

Hali ilivyo sasa

Kwetu mtoto huachwa kwa jirani au kwa bibi, na hakuna anayeuliza cheti. Huko mambo ni tofauti. Kwa mujibu wa Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 2006, anayelea nyumbani kwake mtoto asiye jamaa yake, aliye chini ya miaka 8, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku na kwa malipo, ni lazima asajiliwe. Akifanya kazi hiyo bila usajili anavunja sheria. Taasisi inayosajili na kukagua inaitwa Ofsted, na mamlaka yake ni England pekee. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taasisi zao.

Idadi ya walezi hawa imepungua sana. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya 50,000, na miaka ya karibuni wameshuka chini ya 30,000. Wakati huohuo haja imeongezeka, kwa sababu tangu Septemba 2025 wazazi wengi wanaofanya kazi wanapata hadi saa 30 kwa wiki za malezi yanayogharimiwa na serikali, kuanzia mtoto anapofika miezi 9, katika wiki za masomo. Fedha hizo haziendi kwa mlezi asiyesajiliwa. Kwa hiyo matokeo ya ukaguzi yana uzito mkubwa katika riziki ya dada huyu.

Ukaguzi wenyewe pia umebadilika. Zamani mlezi alipewa neno moja la hukumu. Mjadala mkubwa ulizuka baada ya mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mjini Reading kujitoa uhai Januari 2023, na Disemba ya mwaka huo afisa wa mahakama anayechunguza vifo akaamua kwamba ukaguzi ulichangia kifo chake. Tangu Novemba 2025 hukumu ya neno moja imeondolewa, na badala yake hutolewa kadi ya ripoti yenye daraja 5 kwa kila eneo, kuanzia kiwango cha kipekee hadi kinachohitaji marekebisho ya haraka. Suala la ulinzi wa mtoto halina daraja: ama umetimiza au hukutimiza.

Tunasema wazi kwamba ukaguzi unaomvunja mtu moyo hadi akate tamaa ni dhulma, na wenyewe wamelazimika kurekebisha. Lakini kasoro za mkaguzi hazifuti wajibu wa anayekaguliwa.

Ukaguzi si jambo geni katika dini yetu

Baadhi ya ndugu zetu huuchukulia ukaguzi kuwa ni kuonewa kwa sababu ya dini au rangi. Huenda yakatokea hayo kwa baadhi ya watu, na anayeonewa ana haki ya kulalamika kwa njia zilizowekwa. Ama asili ya ukaguzi, hiyo tunaijua sisi kabla yao.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye chakula akaeleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini asiuweke ule wenye maji juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu. Tuzingatie kwamba mtu yule hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuficha.

Wanachuoni wakaijengea mlango huu elimu nzima, nayo ni hisba. Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya, amewataja walimu wa watoto pamoja na matabibu miongoni mwa wale ambao msimamizi wa hisba huangalia uwezo wao, kwa kuwa tabia anazoanza nazo mtoto hukua nazo. Basi dada yetu asidhani kwamba mgeni anayebisha hodi na kitambulisho amekuja na kitu kisicho na asili kwetu.

Wengi hujiandaa kwa kisichoulizwa

Katika maswali tuliyoyapokea tumeona jambo moja la kusikitisha. Dada hukesha akipanga mafaili, akipaka rangi ukuta na kununua vitu vipya vya kuchezea, halafu asubuhi akiulizwa juu ya mtoto aliye mbele yake hana la kusema.

Kanuni za malezi ya miaka ya mwanzo, zinazojulikana kwa herufi EYFS, tangu Januari 2024 zina toleo maalumu la walezi wa nyumbani. Toleo hilo halimlazimishi mlezi kuwa na sera zilizoandikwa. Linamtaka aweze kuzieleza kwa mdomo na kuzitekeleza. Wala halimtaki ajaze makaratasi ya kufuatilia kila hatua ya mtoto. Mkaguzi hukaa, huangalia mlezi anavyozungumza na kucheza na watoto, kisha huuliza: mtoto huyu anajua nini sasa, unataka ajue nini baadaye, na kwa nini unafanya hivi? Huzungumza pia na wazazi, au husoma maoni yao.

Yapo, hata hivyo, ambayo ni lazima yawepo siku zote. Nayo ni daftari la mahudhurio ya kila siku, kumbukumbu ya ajali na huduma iliyotolewa, ruhusa ya maandishi ya mzazi kabla ya kumpa mtoto dawa, bima, cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto kinachohuishwa kila baada ya miaka 3, na kengele za moshi zinazofanya kazi. Kila anayeishi katika nyumba hiyo mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anatakiwa afanyiwe uchunguzi wa kumbukumbu za jinai unaoitwa DBS.

Hapa watu wetu huteleza. Mama mkwe amekuja kutoka Unguja, amekusudia wiki mbili, amekaa miezi sita. Mpwa amekuja kusoma, amepewa chumba cha juu. Kumkirimu jamaa ni ibada, lakini akishakuwa mkazi wa nyumba hiyo Ofsted wanatakiwa wajulishwe ndani ya siku 14. Kumwita mgeni mtu ambaye kwa hakika ni mkazi, ili kukwepa taarifa hiyo, ni uongo.

Tarehe za nyuma na mtoto wa ziada

Ama kujaza leo mahudhurio ya miezi iliyopita kana kwamba yaliandikwa siku ile, haijuzu. Hiyo ni kutoa ushahidi wa jambo usilolishuhudia kwa kalamu, na Allah (S.W.) katika Suratul Hajj aya ya 30 ametuamrisha tujiepushe na kauli ya uongo. Aliyeacha kuandika, aanze leo kwa tarehe ya leo, na akiulizwa aseme kweli: niliacha, nimeanza tena, na hivi ndivyo nitakavyoendelea. Mkaguzi akimwandikia upungufu, huo ni upungufu wa daftari. Akigundua kughushi, atakuwa hana sababu ya kuamini lolote jingine alilosema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na mtoto wa ziada vilevile. Mlezi mmoja huruhusiwa watoto 6 walio chini ya miaka 8, na kati yao kwa kawaida wasizidi 3 walio wadogo wa chini ya miaka 5, na mmoja tu wa chini ya mwaka. Watoto wake mwenyewe wa umri huo wanahesabiwa humo. Kanuni zimeacha nafasi ya kuzidisha katika hali maalumu, mfano ndugu wa tumbo moja au mtoto mchanga wa mlezi mwenyewe, kwa sharti aoneshe kuwa haja ya kila mtoto inatimizwa. Ama kumpokea mtoto wa saba kwa sababu mama yake ni rafiki, kisha kumhamishia kwa jirani siku ya ukaguzi, ni kuvunja ahadi aliyoiwekea sahihi. Suratul Maida inafunguka kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Na tuulizane: nyumba ikishika moto, mikono miwili itabeba wangapi?

Fimbo, chakula na sitara

Katika kanuni hizo mlezi haruhusiwi kumpiga mtoto wala kumtishia kipigo, hata kama mzazi mwenyewe amemwambia mchape. Wapo wanaoona kuwa huku ni kuharibu malezi. Tunawakumbusha alivyosimulia Bi Aisha (R.A.), kama ilivyopokewa na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa alipokuwa katika jihadi. Na mtoto huyu si wako. Umekabidhiwa.

Katika chakula, kanuni zinataka mtoto anapokula awe anaonekana na kusikika na mlezi. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, tende zitolewe kokwa, na karanga nzima wasipewe wadogo. Kashata tunayomkirimu kila mtoto inaweza kumuua mwenye mzio, kwa hiyo mzazi aulizwe kabla.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Mkaguzi atauliza: ukiona alama ya kipigo mwilini mwa mtoto utafanya nini? Na ikiwa tuhuma inamhusu mume wako au kijana wako? Jawabu linalotakiwa ni kuijulisha idara ya ustawi wa watoto ya halmashauri bila kuchelewa, na Ofsted pia wajulishwe pale tuhuma inapomhusu mtu wa nyumba hiyo. Katika jamii yetu wapo wanaojibu kwa neno sitara. Hili tunalikataa. Sitara ni kwa mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Mtoto anayedhuriwa ni mdhulumiwa, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumnusuru mwenye kudhulumu na mwenye kudhulumiwa, akafafanua kuwa kumnusuru dhalimu ni kumzuia na dhulma yake. Kunyamaza ili jina la ukoo lisichafuke ni kumwachia dhalimu mkono wake.

Je, dini ifichwe?

Hapana. Hakuna kifungu kinachomtaka Muislamu afiche msahafu au avue stara yake nyumbani kwake. Kinachotakiwa ni kila mtoto, awe wa Kiislamu au la, apokewe kwa heshima, na wazazi wajue nyumba hiyo inaishi vipi. Yale yanayoitwa maadili ya Uingereza, yaani demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, na kuheshimiana baina ya wenye imani tofauti, kwa mtoto wa miaka miwili maana yake ni kungoja zamu, kuchagua kitabu, kusikilizwa na kutomdharau mwenzake. Hayo hayapingani na adabu tunazozijua.

Na Kiswahili kisionewe haya. Kanuni zenyewe zinamtaka mlezi achukue hatua za kumpa mtoto nafasi ya kuitumia lugha ya nyumbani kwao katika mchezo na mafunzo, sambamba na kumjenga katika Kiingereza.

Mkaguzi akiwa mwanamume, inafaa wakati wa simu dada aulize kwa adabu kama yupo mkaguzi wa kike, bila ya kulifanya sharti. Asipopatikana, mahramu wake au mwanamke mwengine mwaminifu awepo nyumbani, na milango iwe wazi. Wanachuoni wameeleza kuwa kuwepo kwa mtoto mdogo asiyepambanua hakuondoi khalwa. Na kabla ya kumfungulia mlango yeyote, atazame kitambulisho chake. Hilo nalo ni katika kuwalinda watoto.

Hitimisho

Kwa kawaida simu hupigwa siku chache tu kabla, na pakiwa na malalamiko mkaguzi anaweza kuja bila taarifa. Siku hizo chache zinatosha kupanga karatasi, hazitoshi kumjua mtoto. Anayemjua kila mtoto wake, anayeandika kila siku kilichotokea siku ile, na anayefungua mlango akiwa na idadi aliyoruhusiwa, huyo ameshajiandaa hata kama simu haijapigwa. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwenye kuuliza siku hiyo hatakuwa Ofsted.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie dada zetu riziki ya halali, awahifadhi wao na watoto waliokabidhiwa, na awaepushe na kila shari. Wallahu a'lam.