Salongo ya bonane: uchafu uondoke, usihamie kwa jirani

Mwezi wa 12 ukikaribia, mashauri mjini Kisangani ni yale yale: fagieni nyumba, fueni rido, pakeni chokaa ukutani, toeni vyombo vyote nje mvipange upya. Mashauri mazuri. Hakuna anayependa kupokea wageni wa bonane kwenye sebule yenye utando wa buibui. Lakini kuna swali moja ambalo wenye kushauri wanaliruka: uchafu ukitoka ndani ya nyumba unaenda wapi?

Unaenda kwenye kanivo. Wakaaji wa Mangobo, Kabondo na Tshopo wanajua. Siku ya salongo, ile kazi ya wote iliyoletwa wakati wa Mobutu miaka ya 1970, watu wanatoa matope na mifuko ya plastiki ndani ya kanivo, wanaweka lundo kando ya barabara, kisha wanaenda kuoga. Gari la kubeba haliji. Mvua ya Kisangani, ambayo haina mwezi wa kupumzika kweli, inalirudisha lundo lote mle mle lilimotoka. Jumamosi nyingine wanaanza tena. Huo si usafi, ni kuhamisha. Asiyetoka na jembe anatishiwa faini. Asiyeleta gari, yeye anatozwa na nani?

Ng'ambo ya mto, Lubunga, mambo ni magumu zaidi. Huko ndiko zilikimbilia familia nyingi baada ya mapigano ya Wambole na Walengola kuanza mwaka 2023. Bashi haina ukuta wa kupaka chokaa, wala dirisha la kutundika rido. Hata hivyo mama anayelala chini ya bashi anachimba mfereji mdogo kuzunguka makao yake ili maji yasiingie, anainua mfuko wa unga juu ya magogo, anaanika mikeka kila jua linapotoka. Nguo za watoto anazikunja ndani ya beseni lenye kifuniko. Mtu anayetafuta mashauri ya kupanga nyumba ndogo aende akajifunze kwake.

Halafu wapo wanaosema wakimbizi wameleta uchafu mjini. Maneno ya aibu. Kipindupindu kilichopiga Tshopo mwaka 2025 hakikuuliza mtu kabila wala komine. Kinapita kwenye maji mabaya na vyoo vibovu, na hivyo vilikuwepo mjini kabla mkimbizi wa kwanza hajavuka kufika.

Kila nyumba ina sehemu yake, hilo halikataliwi. Maganda ya ndizi na mihogo yafukiwe shambani nyuma ya nyumba, yasichanganywe na plastiki. Maji yaliyosimama ndani ya makopo yamwagwe, maana humo ndimo mbu wanazaliwa. Lakini familia haiwezi kununua lori. Hiyo ni kazi ya wanaokusanya kodi sokoni kila siku. Na majembe, chokaa na dawa ya maji visiishie Makiso, mbele ya ofisi. Vivuke mto vilevile.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 12 watu watatoka tena na mafagio yao. Meya na maburgumesta watangaze mapema redioni: gari litapita saa ngapi, na kwenye avenyu gani?