MWAROBAINI NI NEEMA, NA SINDANO PIA NI NEEMA



Ndugu zangu katika imani, wiki hii dada mmoja ameniandikia: "Shekhe, mwanangu ana kisukari. Tumemwachisha sindano, tunampa maji ya mwarobaini. Nimemtegemea Allah. Je, nimekosea?"

Nikamjibu: Dada yangu, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi, kisha ndiyo tuzungumze.

Basi tuzungumze. Mimi sipingi miti shamba. Mwarobaini, uwatu, karela, habasoda, vyote ameviumba Allah, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu. Uwatu na karela vimechunguzwa, vikaonekana kupunguza sukari kwa kiasi. Hata vidonge vya metformini asili yake ni utafiti wa mmea uitwao galega, uliotumika Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, ndiye aliyetangaza matokeo ya kuvitumia kwa wagonjwa.

Lakini watoto wengi wenye kisukari wana kile cha aina ya kwanza. Kongosho halitengenezi tena insulini. Hakuna jani wala mzizi unaoziba pengo hilo. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922, watoto hawa walikuwa wanakufa tu. Ukimwachisha sindano, siku chache zinatosha kumpoteza.

Na wewe mzee unayemeza vidonge huku unakunywa karela kwa siri, jihadhari. Viwili hivyo vikikutana, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, hata kuzirai. Kikombe cha leo kimekolea, cha kesho chepesi. Kipimo chake nani anakijua? Mwambie daktari wako. Usione haya.

Tazameni mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Abu Daud amepokea kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimzuru, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, atengenezewe dawa kwa tende saba za ajwa. Dawa ilikuwa tende, tena Mtume mwenyewe ndiye aliyeitaja, lakini bado akampeleka kwa mjuzi! Sisi tunampeleka mgonjwa kwa nani? Kwa muuza chupa nje ya msikiti anayedai anaponya kisukari, presha na nguvu za kiume kwa dawa moja?

Na wewe muuzaji, mche Allah. Imepokewa pia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, anabeba dhamana ya madhara yake. Ukimwambia mtu atupe sindano, akafa, utajibu nini Siku ya Kiyama?

Tawakkul si kuacha sababu. Tawakkul ni kuchoma sindano kwa wakati, kupima sukari, kupunguza wali na soda, kutembea, kisha moyo ukabaki kwa Allah peke yake. Mponyaji ni Yeye, si jani wala sindano.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, na utupe elimu yenye manufaa. Amin.

Mfikishie ujumbe huu kila mwenye mgonjwa nyumbani. Wabillahi tawfiq.