Usiku Usio na Bango

Riyadh na Jeddah zimepata karibu kila kitu cha muziki katika miaka michache iliyopita: majukwaa, taa, spika za kutikisa mchanga. Kitu kimoja bado, kwa maoni yangu, hakijapatikana, nacho ni bango. Sisemi matangazo, hayo yamejaa tele. Nasema bango la karatasi lililochorwa kwa ajili ya usiku mmoja, bendi moja na ukumbi mmoja, ambalo mtu hulibandua ukutani akaenda nalo nyumbani. Msomaji atauliza Chama cha Kiswahili kinahusikaje na magitaa ya Uarabuni. Avute subira.

Mabango ya aina hiyo yana kwao. Mwaka 1966 mjini San Francisco, kumbi za Fillmore na Avalon zilianza kutangaza maonyesho ya roki kwa mabango ambayo herufi zake zilivimba, zikajipinda kama moshi na kujaza kila nafasi. Wes Wilson aliazima umbo la herufi hizo kwa Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Victor Moscoso, aliyepitia Chuo Kikuu cha Yale ambako Josef Albers alifundisha nadharia ya rangi, aliziweka bega kwa bega rangi zenye ukali sawa, nyekundu na buluu kwa mfano, mpaka jicho likaona zinatetemeka. Mtindo ukaitwa saikedeliki, jina lililotokana na dawa za kulevya za zama zile, na sina haja ya kuzitetea dawa ili niwasifu wachoraji. Moscoso alifundishwa darasani kwamba bango lazima lisomeke upesi. Akaligeuza somo: lisomeke polepole kadiri iwezekanavyo. Mpita njia asimame, ahangaike nalo, na akimaliza kulisoma awe ameshaonjeshwa muziki wenyewe. Asiye na subira hakuwa mgeni wao.

Sasa tuiangalie miji yetu miwili. Kwa miaka mingi Saudi Arabia haikuwa na ukumbi wa hadhara wa muziki wa aina hii. Vijana walipiga roki na metali majumbani, katika makazi ya wageni yaliyozungushiwa kuta, na katika istiraha, zile nyumba za mapumziko za kukodi pembezoni mwa mji. (Neno lenyewe sisi tunalo: ndiyo starehe yetu.) Mwaka 2008 gazeti la New York Times liliandika habari za The Accolade, bendi ya wasichana wanafunzi wa chuo huko Jeddah. Walifanya mazoezi nyumbani, jukwaa la hadhara hawakuweza kulipanda, na wimbo wao ukasambaa kwa intaneti. Bango lao lingebandikwa wapi? Mialiko ya vilabu hivyo vya chini kwa chini ilipita kwa mdomo na kwa simu. Karatasi ukutani ingekuwa ushahidi.

Wilson alijificha hadharani. Vijana wa Jeddah hawakupewa hata nafasi ya kujificha hivyo. Sisi tuliolelewa na mafumbo tunaijua vizuri njia ya Wilson. Khanga hupita sokoni mchana kweupe, watu wote wanaisoma, na mmoja tu ndiye anayechomwa.

Kisha mambo yakageuka kwa kasi. Aprili 2016 polisi wa dini waliondolewa mamlaka ya kukamata watu, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka Kuu ya Burudani. Januari 2017 Mohammed Abdu aliimba Jeddah mbele ya ukumbi wa wanaume watupu. Desemba 2019 Riyadh ikapata tamasha la Soundstorm, na kwa lile la 2021 waandaaji walitangaza mahudhurio ya zaidi ya 700,000 kwa siku 4. Wapo wanaosema yote haya ni kuiosha serikali uso, na hoja yao si nyepesi: katika nchi hiyohiyo watu wamehukumiwa vifungo virefu kwa sababu ya maneno waliyoandika mtandaoni. Hata hivyo siwezi kumwambia msichana wa Jeddah kwamba alikuwa na heri zaidi alipopiga gitaa chumbani.

Ninacholalamikia ni karatasi. Tazama tangazo la tamasha kubwa lolote la siku hizi: majina yamepangwa kwa safu, makubwa juu, madogo chini, kwa herufi ambazo zingefaa Las Vegas au Ibiza bila kubadilishwa nukta. Ukubwa wa jina ndio ujumbe wote. Riyadh sasa ina bendi ya wanawake watupu, Seera, inayopiga roki ya saikedeliki kwa Kiarabu. Jina lao ni lilelile tunaloliita sira. Muziki wa namna hiyo unastahili herufi za kwao. Watu wenye hati ya Kikufi, iliyojaza kuta za misikiti kwa maumbo ambayo hata msomaji hodari husimama kuyafumbua, hawana haja ya kuazima Vienna kwa kupitia California.

Na kuna suala la kumbukumbu. Mabango ya Fillmore leo yamo katika majumba ya makumbusho, na kwayo mtu anaweza kujua nani alipiga usiku gani na nani. Atakayetaka kuandika historia ya usiku wa Jeddah wa 2008 atalazimika kuanzia kwenye gazeti la New York. Tangazo la mtandaoni linalofutika baada ya saa 24 halitamsaidia mtafiti wa usiku wa leo pia, ingawa leo hakuna anayekatazwa kuchapa.

Nasi je, nani ametukataza? Mabango ya chama chetu yanatoka katika violezo vya bure vya simu: maikrofoni ya njano, duara lenye sura ya mgeni rasmi, nembo ya mdhamini pembeni. Ukifuta maandishi utadhani ni semina ya bima. Na hapa chuoni kuna wenzetu wanaoandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kama walivyoandika washairi wa Lamu na Pate, na kila nyumba ina khanga ya kuiga pindo.

Napendekeza bango la usiku wetu ujao wa mashairi lichorwe kwa mkono, kwa rangi mbili, lichapwe nakala 50, na nakala moja itiwe tarehe na kuwekwa kabatini ofisini. Fedha zipo, tupunguze maji ya chupa ya meza kuu. Na mhadhiri atakayelalamika kwamba hawezi kulisoma akiwa anatembea, basi asimame.